Ukubwa ni Jaa: Manahodha wa Kriketi na Maneno ya Waliowatangulia

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema ukubwa ni jaa. Jaa walijua: ni mahali nyuma ya nyumba ambapo kila mtu hutupa takataka zake, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, vyungu vilivyovunjika. Aliyepewa ukubwa naye hutupiwa kila kitu. Mvua isiponyesha, yeye. Bei ya pamba ikishuka, yeye. Kwaya ikiimba vibaya siku ya sikukuu, yeye aliyeiongoza.

Lakini katika takataka hizo zote ipo moja iliyo nzito kuliko nyingine. Ni neno la mtu aliyekalia kiti hicho kabla yako. Jirani asiyejua kazi akikusema, wajifariji moyoni: “Huyu hajui lolote.” Lakini akikusema mwenyekiti wa zamani wa chama cha ushirika, au mwalimu mkuu aliyestaafu, utasemaje? Kazi aijua. Njia aliipita. Na watu wote humsikiliza kwa kuwa aliwahi kuwa yeye.

Basi leo nataka tulitazame jambo hili mahali ambapo hutendeka mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu, na kuandikwa pamoja na miaka na hesabu zake. Mahali hapo ni uwanja wa kriketi. Usiniambie, “Sisi twacheza mpira wa miguu, kriketi yatuhusu nini?” Ngoja kidogo. Utaona kwamba nyumba ni nyingine lakini moshi ni ule ule.

MCHEZO WENYEWE

Kriketi huchezwa na timu mbili za watu kumi na mmoja kila upande. Katikati ya uwanja pana njia yenye urefu wa mita 20 hivi, na kila mwisho wa njia hiyo vimesimikwa vijiti vitatu. Mpigaji husimama mbele ya vijiti na gongo lake la mbao. Mrushaji huja mbio na kumrushia mpira mgumu wa ngozi, akitaka kuviangusha vijiti. Mpigaji akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mara wafanyapo hivyo hupata mkimbio mmoja. Wenye mikimbio mingi ndio washindi. Mashindano makubwa kuliko yote kati ya nchi na nchi huitwa Testi, nayo huweza kuchukua siku tano.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1975 timu moja ya Afrika ya Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza. Mwaka 2003 Kenya, ikiongozwa na Steve Tikolo, ilifika nusu fainali ya kombe hilo. Na mwaka 2024 Uganda ilicheza kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la michezo mifupi. Hata hivyo mashujaa na mashahidi wa habari yetu ya leo wengi wao ni wa Uingereza, Australia na visiwa vya Karibi, maana huko ndiko lawama za wachezaji wa zamani zimekuwa kama mchezo wa pili.

KWA NINI NAHODHA?

Katika mpira wa miguu, timu ikishindwa, watu humlaumu kocha. Nahodha huvaa kitambaa mkononi, hurusha sarafu mwanzoni, na mengine huwa ya kocha. Kriketi sivyo. Ndani ya uwanja nahodha wa kriketi ndiye mwenye amri. Yeye huamua nani arushe mpira na lini apumzishwe. Yeye huwapanga watu wake, huyu karibu, yule mbali. Yeye ndiye atakayesema, “Tumepata mikimbio ya kutosha, sasa wapige wao.” Akikosea, kosa lake laonekana na kila mwenye macho.

Jambo la pili ni muda. Siku moja ya Testi huwa na mchezo wa saa sita hivi, na kati ya mpira na mpira pana nafasi kubwa ya kuzungumza. Redio na televisheni hazipendi ukimya. Basi nani ataijaza nafasi hiyo? Waliitwa wale waliowahi kucheza, na hasa wale waliowahi kuwa manahodha, maana wao hujua mambo ya ndani. Wengine wakapewa nafasi ya kuandika magazetini. Ndiyo maana nahodha wa kriketi akiinua macho kuelekea kibanda cha watangazaji, huwaona pale juu wale wote waliomtangulia, wameshika vipaza sauti, wanamtazama. Hebu fikiri: unalima shamba lako, na wote waliowahi kulilima wamekaa kwenye ua na kuhesabu kila jembe lako.

MANAHODHA WAWILI WA MWAKA 1981

Tuanze na Ian Botham wa Uingereza. Alikuwa kijana mwenye nguvu, hodari wa kurusha na wa kupiga, akapewa unahodha mwaka 1980 akiwa na miaka 24. Aliongoza Testi 12 na hakushinda hata moja: nne alishindwa, nane zikaisha bila mshindi. Ni haki kusema kwamba Testi tisa kati ya hizo zilikuwa dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa kali kuliko zote duniani wakati ule. Lakini jaa halitazami haki. Lawama zilimjia kutoka magazetini na kutoka kwa waliocheza zamani.

Mwezi wa Julai 1981, katika uwanja wa Lord's, London, Botham alitolewa mara mbili bila kupata hata mkimbio mmoja. Aliporudi kutoka uwanjani mara ya pili alipita katikati ya wazee wenye uanachama wa klabu ile, na hakuna aliyesema neno. Walinyamaza wote. Ndugu msomaji, kuna ukimya uumao kuliko tusi. Botham aliacha unahodha siku ile. Naye Alec Bedser, mkuu wa wachaguzi wa timu, ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji maarufu wa Uingereza zamani, aliwaambia waandishi kwamba hata asingeacha, wangemwondoa.

Akaitwa nahodha wa zamani, Mike Brearley, mtu mpole aliyesoma falsafa. Testi iliyofuata ilichezwa Headingley, katika mji wa Leeds. Uingereza ilikuwa nyuma mno hata ikalazimishwa kupiga tena papo hapo. Hapo Botham, aliyekwisha kutua mzigo wa unahodha, akapiga mikimbio 149 bila kutolewa. Australia ilihitaji mikimbio 130 tu ishinde. Bob Willis akawatoa watu wanane, nao Australia wakaishia 111. Uingereza ikashinda kwa mikimbio 18, na siku hiyo yasimuliwa mpaka leo.

Kila mtu humkumbuka Botham. Lakini nani amkumbuka nahodha wa pili, yule aliyeshindwa siku ile? Jina lake Kim Hughes.

MACHOZI YA KIM HUGHES

Kim Hughes alikuwa mpigaji wa kupendeza kutoka Australia ya Magharibi. Ili uelewe yaliyompata, yafaa ujue ugomvi uliotangulia. Mwaka 1977 tajiri mmoja wa televisheni, Kerry Packer, aliwaajiri wachezaji bora wa Australia na wa nchi nyingine wacheze mashindano yake mwenyewe, mbali na chama cha kriketi. Wakuu wa timu, kina Ian Chappell, Dennis Lillee na Rodney Marsh, walikwenda kwa Packer. Hughes alibaki na chama. Mwaka 1979 pande mbili zilipatana, lakini wajua patano la vinywa si patano la mioyo. Hughes alipopewa unahodha, wengine walimwona kama mtoto aliyekalia kiti cha baba hali baba yu hai.

Ian Chappell alikuwa nahodha wa Australia tangu 1971 mpaka 1975, tena nahodha hodari. Alipoacha kucheza akawa mtangazaji na mwandishi, na katika kazi hiyo alikuwa mkosoaji mkali wa Hughes. Sisemi kwamba alisema uongo. Hughes alikuwa na makosa yake: wakati mwingine alipiga kwa pupa, na baadhi ya wachezaji wakubwa hawakumtii kwa moyo. Lakini maneno yalirudiwa mwaka baada ya mwaka, na kila mara kijana alipoinuka yalimkuta mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka 1984 West Indies walikuja Australia. Testi ya kwanza, Perth, Australia walitolewa wote kwa mikimbio 76 katika zamu moja. Testi ya pili, Brisbane, wakashindwa tena. Tarehe 26 Novemba 1984 Hughes, mtu wa miaka 30, aliketi mbele ya waandishi na karatasi mkononi. Alianza kusoma kwamba anaacha unahodha. Alitaja uvumi, lawama na mafumbo ya wachezaji wa zamani na ya baadhi ya magazeti, kwamba kwa miaka kadhaa yamemla, sasa amechoka. Sauti ikamkatika. Machozi yakamshuka. Akainuka akatoka, na meneja wa timu akaimalizia karatasi ile.

Picha zile zilionyeshwa Australia nzima. Wako waliomcheka, wakisema mwanamume halii. Mimi nakuuliza wewe msomaji: mtu akibebeshwa gunia peke yake mpaka mgongo ukavunjika, nani wa kuchekwa, aliyelibeba au waliosimama kando wakitazama? Hughes aliongoza Testi 28, akashinda nne, akashindwa 13. Baada ya siku ile alicheza Testi mbili tu zaidi, na katika zamu zake nne alipata mikimbio miwili kwa jumla. Kisha akaachwa. Mwaka uliofuata aliongoza timu ya wachezaji walioasi kwenda Afrika ya Kusini, wakati nchi ile ilipokuwa imetengwa na ulimwengu wa michezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Safari hiyo aliichagua mwenyewe, na jukumu lake ni lake. Lakini ni huzuni kuona kipaji kikubwa kimeishia njia ile.

Mimi naona kosa kubwa halikuwa la mkosoaji wala la mkosolewa, bali la wale waliomweka Hughes kitini. Walimpa cheo, kisha wakamwacha asimame mvuani bila mwavuli. Mtu hapewi mzigo tu. Hupewa na kata ya kuuwekea kichwani.

BORDER ALIVYOICHUJA LAWAMA

Aliyepewa kiti baada ya Hughes ni Allan Border, mtu mfupi wa mwili, mgumu wa moyo, asiyependa maneno mengi. Naye alisemwa. Mwaka 1985 alikwenda Uingereza akashindwa Testi tatu kwa moja, na miongoni mwa wachezaji wa zamani wako waliosema wazi kwamba Border amekuwa rafiki mno wa wapinzani wake, anacheka nao na kunywa nao huku wanampiga. Mwaka 1986 na 1987 alishindwa tena na Waingereza nyumbani kwake. Jaa lilijaa hasa.

Lakini tazama alichofanya. Hakulia hadharani, wala hakutukana. Aliyachuja maneno kama mama achujavyo tui la nazi: machicha akayatupa, tui akalibakiza. Mwezi wa Novemba 1987 timu yake ilitwaa Kombe la Dunia mjini Kolkata, India, kwa kuishinda Uingereza kwa mikimbio saba. Na alipokwenda tena Uingereza mwaka 1989, wenyeji walishangaa. Yule Border wa kucheka nao hawakumwona. Aliwanunia uwanjani tangu siku ya kwanza, akashinda Testi nne bila kushindwa hata moja. Aliongoza Testi 93 kabla ya kustaafu mwaka 1994.

Kwa hiyo tusiseme kwamba lawama za wakubwa ni sumu siku zote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno kama yale yaliyomvunja mmoja, mwingine aliyageuza jiwe la kunolea kisu.

VIDOLE VITATU VYA HUSSAIN

Sasa tuje mwaka 2002. Nahodha wa Uingereza ni Nasser Hussain. Katika michezo mifupi ya siku moja, Hussain alikuwa akipiga akiwa mtu wa tatu katika orodha, mahali pa wapigaji wa haraka. Wachezaji wa zamani waliokuwa watangazaji walisema hastahili, anapiga polepole. Na nani walikuwa miongoni mwao? Ian Botham na Bob Willis, mashujaa wetu wa Headingley! Ndiyo, msomaji. Botham, aliyepita kwa uchungu katikati ya wazee walionyamaza, sasa naye alikuwa mmoja wa wakubwa walioketi juu.

Tarehe 13 Julai, katika uwanja ule ule wa Lord's, Uingereza ilicheza fainali na India. Hussain akapiga mikimbio 115. Alipofikisha mia aligeuka akakielekea kibanda cha watangazaji, akainua vidole vitatu, kisha akaonyesha namba tatu iliyokuwa mgongoni mwake. Maana yake: “Huyu hapa mtu wenu wa tatu!”

Uwanja ulishangilia. Uingereza ilikuwa na mikimbio 325, mingi sana kwa wakati ule. Lakini siku ilikuwa bado haijaisha. Vijana wawili wa India, Yuvraj Singh na Mohammad Kaif, walipiga bila woga, na India ikashinda ikiwa na mipira mitatu mkononi. Kwenye roshani nahodha wao, Sourav Ganguly, alivua shati akalizungusha hewani. Vidole vitatu vya Hussain vikabaki kuwa hadithi ya kuchekesha. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto.

Na hadithi haikuishia hapo. Hussain alipoacha kucheza mwaka 2004 alikwenda wapi? Alikwenda kibanda kile kile, akapewa kipaza sauti, akaanza kuwakosoa manahodha waliomfuata.

COOK ALIYEKAA KIMYA MPAKA AKAJIBU KWA KAZI

Alastair Cook alipokuwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London. Alipokua akawa nahodha wa Uingereza. Alianza vizuri, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2013 timu yake ilishindwa Australia Testi tano kwa sifuri, kisha ikashindwa nyumbani na Sri Lanka. Mwaustralia Shane Warne, mmoja wa warushaji wakubwa waliowahi kuishi, alimwandika gazetini mara kwa mara kwamba ni nahodha mwoga asiye na mawazo mapya. Mwezi wa Juni 2014 uvumilivu wa Cook ulikwisha. Alilalamika hadharani kwamba maneno ya Warne sasa yamemlenga yeye binafsi, na kwamba jambo fulani halina budi kufanywa.

Je, alipata nini? Hakupata kitu. Warne hakunyamaza, na wengine walisema, “Tazameni, ameumia.” Mwezi uliofuata Uingereza ilishindwa na India huko Lord's, na manahodha wa zamani kadhaa wakasema wazi kwamba Cook aondoke.

Hakuondoka. Testi iliyofuata ilichezwa Southampton. Cook aliingia kupiga, akaponea chupuchupu mwanzoni pale mpinzani mmoja alipouangusha mpira ambao ungemtoa, kisha akaendelea taratibu mpaka mikimbio 95. Hakufikisha mia, lakini watu wa kawaida waliokuja na chakula chao vikapuni walisimama wakampigia makofi. Uingereza ilishinda siku zile, na mwisho ikashinda mashindano yote matatu kwa moja. Mwaka uliofuata Cook aliwashinda Waaustralia nyumbani. Alipostaafu mwaka 2018 alipiga mikimbio 147 katika Testi yake ya mwisho, akawa na jumla ya mikimbio 12,472, ambayo wakati ule hakuna Mwingereza mwingine aliyekuwa ameifikia.

Lalamiko lake la Juni limesahauliwa. Mikimbio yake haikusahauliwa.

HOLDER NA UWANJA WA BOYCOTT

Mfano mwingine naupenda kuliko yote. Mwezi wa Agosti 2017 West Indies walikuwa Uingereza. Hawakuwa tena ile timu ya kutisha ya mwaka 1984. Nahodha wao alikuwa Jason Holder wa Barbados, kijana mrefu wa miaka 25. Katika Testi ya kwanza, mjini Birmingham, watu wao 19 walitolewa katika siku moja, wakashindwa kwa zamu nzima na mikimbio 209. Geoffrey Boycott, mpigaji wa Uingereza wa zamani, mtu asiyejua kupaka maneno asali, aliandika kwamba hajaona timu mbaya kama ile katika miaka zaidi ya hamsini.

Maneno makali. Lakini je, yalikuwa ya uongo? Watu 19 kwa siku moja! Holder hakuweza kusema wamecheza vizuri. Basi hakugombana na mzee. Walirudi mazoezini.

Siku chache baadaye wakacheza Headingley, nyumbani kwa Boycott mwenyewe, uwanja alikopigia mia yake ya mia moja mwaka 1977. Kijana wa Barbados, Shai Hope, alipiga mikimbio 147 katika zamu ya kwanza na 118 bila kutolewa katika zamu ya pili. Katika uwanja ule mkongwe, kabla ya siku ile, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kupata mia mara mbili katika mchezo mmoja wa daraja la kwanza. West Indies walihitaji mikimbio 322 ili washinde, wakaipata siku ya mwisho. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushinda Testi katika Uingereza tangu mwaka 2000. Jibu gani lingepita hilo?

Mwaka mmoja kabla yake, mwenzao Darren Sammy alikuwa ameongoza West Indies katika Kombe la Dunia la michezo mifupi. Mtangazaji Mark Nicholas, ambaye zamani alikuwa nahodha wa Hampshire, aliandika kwamba timu ile ina upungufu wa akili. Sammy aliyaweka maneno yale mbele ya wenzake kama kuni, wakaota moto wake. Walitwaa kombe Kolkata, Carlos Brathwaite akipiga mipira minne mfululizo nje ya mpaka katika dakika za mwisho. Nicholas naye aliomba radhi, na yafaa tumsifu kwa hilo. Si wakubwa wengi waliosema hadharani wanaoweza kurudi hadharani.

ULIMI HAUNA MFUPA

Wa mwisho ni Ben Stokes, aliyeongoza Uingereza kwenda Australia mwezi wa Novemba 2025. Wachezaji wa zamani, Botham na Boycott wakiwamo, walisema timu haikujiandaa vya kutosha. Stokes alipoulizwa akawaita wale wazee kwa neno lenye maana ya watu waliokwisha kupitwa na wakati. Kisha Testi ya kwanza ikachezwa Perth, na Uingereza ikashindwa kwa siku mbili tu. Sasa neno lile likamrudia kama tope lililorushwa kwenye feni. Stokes alikiri kwamba neno halikuwa zuri na hakukusudia dharau. Walipoitwa wenye kiburi, alijibu kwa upole zaidi: semeni tumecheza ovyo, lakini kiburi, hapo mmezidi.

Jibu hili la pili lilikuwa bora. Alikubali lililo kweli, akakataa lililozidi, basi. Laiti ndilo lingetangulia!

TUJIFUNZE NINI?

Sasa turudi nyumbani, ndugu msomaji. Huenda wewe ni mwenyekiti mpya wa ushirika, au mama uliyechaguliwa kuongoza kikundi cha akina mama, au mwalimu mkuu kijana, au kaka uliyeachiwa nyumba baada ya baba kuzeeka. Aliyekutangulia yupo, tena anasema. Ufanyeje?

Kwanza, litenge neno la kazi na neno la mtu. “Hesabu zako za mwezi uliopita hazikuwekwa wazi” ni neno la kazi; lichukue, hata kama limetoka katika kinywa kichungu. “Ukoo wenu haujui kuongoza” ni neno la mtu. Liache lipite na upepo.

Pili, usijibu siku ile ile. Hussain na Stokes wote wawili walijibu kabla mchezo haujaisha, na mchezo ukawajibu wao.

Tatu, usibebe peke yako. Tafuta mtu mmoja au wawili wa kukueleza kweli kwa siri na kukutetea kwa wazi. Na ninyi mliomchagua mtu, mtetezeni. Msimfanye Kim Hughes.

Nne, jibu kwa kazi. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, mradi nyumba iwe imejengwa imara.

Na wewe mzee uliyeachia kiti, nina neno kwako pia, kwa heshima zote. Usinyamaze, kijiji kinachofunga vinywa vya wazee wake hupotea njia. Lakini kabla hujasema kilabuni au barazani, jiulize mambo matatu. Je, nimemwendea mwenyewe kwanza, tukiwa wawili? Je, naukumbuka mwaka wangu mimi, ule mbaya, nilipotupiwa maganda? Na je, nataka kazi iende vizuri, au nataka watu waseme kwamba wakati wangu ulikuwa bora?

Swali hili la tatu ni gumu kuliko mawili ya kwanza. Botham alikuwa chini, kisha akawa juu. Hussain alikuwa chini, naye akawa juu. Hivyo ndivyo zilivyo zamu za duniani: anayesemwa leo ndiye atakayesema kesho. Basi kijana, mwaka utakapofika nawe ukaketi barazani, kumtazama mwingine akilima shamba uliloliacha, kumbuka jinsi jembe lilivyokuwa zito mikononi mwako.